Ng'ambo ya Lwesya

Saa kumi na mbili asubuhi, Rungwe,
ukungu bado umeketi juu ya migomba
kama mgeni asiyesoma dalili.
Nafungua Darasa la Tatu B, nabandika orodha ya majina
kwa uji wa ugali, maana gundi ya Tume
imebaki upande ule.

Mimi ni karani mwongozaji. Nina kizibao, nina kiti,
nina posho ambayo haijafika.

Wa kwanza kwenye foleni ni shangazi yangu Subilaga.
Ameamka saa tisa, amekamua ng'ombe wawili,
amevaa kitenge anachokiweka kwa ajili ya ubatizo.
Kidole chake kinashuka ukutani, kinapanda, kinashuka tena.
"Mwakalobo hayumo? Sisi tuliojaa bonde zima?"

Nilijua. Nilijua tangu Jumatano, nikanyamaza.
"Shangazi, jina lako liko Shule ya Ipombo."
"Ng'ambo?"
"Ng'ambo."
"Nimehama lini?"

Nimwambieje?
Walikuja vijana wawili na kidude kinachoongea na setilaiti,
wakala ndizi zetu kwa adabu, wakapiga picha jiwe, wakaondoka.
Kisha kikao: jimbo, tukaambiwa, limekuwa sufuria ya msiba,
ukikoroga huku, kule kunaungua.
Tukapiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote.
Nani asiyetaka mbunge wa kumwita kwa sauti?

Ramani ilipofika, mstari ulishuka na mto Lwesya
kama mtu mwenye akili zake,
hadi kiwanda cha chai. Pale ukapinda kiwiko,
ukakumbatia kambi za wachumaji, kura elfu mbili na ushei,
ukaliruka soko lenye midomo mingi,
ukairudia kingo ya mto, kimya,
kama kijana aliyetoka kwenye banda la kuku la jirani.

Mwalimu Lugano, wa jiografia, alinyoosha mkono:
"Maji hufuata mteremko. Mstari huu unafuata nini?"
Akajibiwa kwa chupa ya soda.

Na daraja je?
Mgombea wa huku anasema daraja ni la kule.
Mgombea wa kule anasema daraja ni la huku.
Mbao ya nne imeoza tangu masika ya juzi.
Ng'ombe wanavuka bila kitambulisho
na wanajua pa kukanyaga.

"Basi marehemu Anyosisye," shangazi anasema,
"amelala hapa, nyuma ya kanisa.
Yeye ana mbunge wa huku, mimi nina wa kule.
Miaka arobaini na moja tulilala kitanda kimoja,
leo tumetenganishwa na rula."
Foleni inacheka. Yeye hacheki.
Anakunja kitenge hadi magotini, anashuka kuelekea mtoni,
na mimi namwita anayefuata, kwa sauti ya kazi.

Mchana mvua, kama kawaida yetu.
Wanakuja watu wasiojua waende wapi,
ndugu wawili wa nyumba moja, mmoja ndani, mmoja nje,
mzee anayeuliza kama kodi nayo imehamia ng'ambo.
Nawaonyesha kwa kidole. Kidole kinauma.

Saa kumi tunafunga. Tunamwaga sanduku juu ya dawati
lenye jina la mtoto lililochongwa kwa wembe.
Wakala wa huyu, wakala wa yule, taa ya chemli,
moja, mbili, tatu. Ushindi unaonekana mapema,
una umbo la kile kiwiko.

Katikati ya mia nne na kumi nasikia nyundo.
Pa. Pa. Kimya. Pa.
Wakala wanatazamana. Mmoja anauliza nani huyo.
Nachungulia dirishani: giza, ukungu, kurunzi moja chini mtoni,
na kitenge cha ubatizo kilichopiga magoti
juu ya mbao mpya.
Tunapoteza hesabu. Tunaanza upya.
Nyundo inaendelea,
na hakuna kati yetu anayeweza kusema
inapigwa jimbo gani.